Lundo la mawe au ukuta wa zege? Ulinganisho kwa wenye viwanja vya pwani tunaoishi Dodoma

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikaa watu 11 kwenye baraza ya nyumba moja huku Ilazo tukiwa na makadirio mawili mezani. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina kiwanja pwani, kusini mwa Dar es Salaam. Tulikinunua enzi ambazo wengi wetu tulikuwa bado tunafanya kazi huko, kabla ofisi hazijahamia Dodoma. Mpango wetu ni kuwa na mahali padogo pa kushushia samaki na kuegesha boti, na mbele yake kivunja mawimbi cha mita 60, yaani boma la kupunguza nguvu ya bahari. Mkandarasi wa kwanza ameandika ukuta wa zege unaosimama wima. Wa pili ameandika lundo la mawe lenye mteremko. Bei zao zimekaribiana, na nusu ya kikao kilitaka ukuta kwa sababu "unaonekana imara".

Mimi ni mhandisi, na kabla ya kuja huku nilifanya kazi za pwani miaka saba. Nikauliza swali moja: mlipokwenda kupima, mwezi ulikuwa wa ngapi?

"Tulikwenda tarehe 22, mwanangu," akajibu mama mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu.

"Siulizi kalenda ya ukutani, mama. Mwezi wa angani."

Tukafungua picha alizopiga kwa simu, tukatazama tarehe. Walikwenda siku mbili baada ya robo ya mwisho ya mwezi, yaani kwenye maji mafu, wakati bahari inajaa kidogo na kupwa kidogo. Vipimo vyote vya kina, vya mkandarasi wa ukuta na vya mkandarasi wa mawe, vilichukuliwa siku hiyo. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu, kwa sababu najua hatuko peke yetu. Dodoma imejaa watu wenye viwanja Bagamoyo, Mkuranga, Kigamboni na Pangani ambao huiona bahari kwa wikiendi mbili kwa mwaka, kisha wanaombwa kuchagua kitu kitakachosimama mbele yake kwa miaka 50.

Maji yanapanda, na wimbi linapanda nayo

Tuanze na bahari, maana ndiyo inayoamua. Kwenye mwambao wetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua: tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3, na kwenye bamvua kubwa za karibu na Machi na Septemba hukaribia mita 4. Kwenye maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi mita moja na kidogo.

Watu wengi wakisikia hivyo hufikiria jambo moja tu, kwamba maji yatafika juu zaidi, basi tuongeze urefu wa ukuta. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kina cha maji ndicho kinachoweka kikomo cha wimbi. Wimbi likiingia maji mafupi hujikwaa na kuvunjika, na kwa kawaida haliwezi kuzidi takriban 0.78 ya kina kilichopo. Bahari inaweza kuwa imechafuka vibaya huko nje, lakini kama mbele ya boma lako kuna maji ya mita moja, kinachokufikia ni wimbi la sentimita 78. Maji yakipanda, mlango unafunguka.

Nikachukua namba za kiwanja chetu. Siku waliyopima, maji yalipojaa, kina mahali pa mguu wa boma kilikuwa mita 1.3. Wimbi kubwa linaloweza kufika hapo ni mita moja. Bamvua likijaa, ongeza mita 1.2, kina kinakuwa 2.5 na wimbi linakaribia mita 2. Weka dhoruba juu yake, maji yapande sentimita 40 nyingine, wimbi linakuwa mita 2.3 hivi. Ukitazama haraka, wimbi limeongezeka maradufu na kidogo. Lakini uzito wa jiwe linalohitajika kulisimamisha hauongezeki maradufu. Unakwenda na urefu wa wimbi uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Wimbi likiwa mara 2, jiwe liwe zito mara 8.

Kanuni hiyo inatumika dunia nzima tangu Robert Hudson wa Marekani alipoichapisha mwaka 1959, akijenga juu ya kazi ya Mhispania Iribarren ya mwaka 1938. Zimekuja kanuni nyingine baadaye zinazohesabu pia muda wa dhoruba na urefu wa mawimbi kutoka kilele hadi kilele, ile ya Mholanzi van der Meer ya 1988 ikiwa maarufu zaidi, lakini kwa kupima makadirio mezani Hudson anatosha. Kwa kiwanja chetu anasema hivi: kwenye maji mafu, jiwe la kilo 170. Kwenye bamvua, tani 1.2. Bamvua na dhoruba pamoja, tani 1.9. Makadirio ya mkandarasi wa mawe yaliandika "mawe ya kilo 200 hadi 300". Hakudanganya. Alipima bahari iliyolala.

Dhoruba ina saa yake, bahari ina saa yake

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Huku Dodoma tulikifuatilia kwenye simu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa taarifa baada ya taarifa. Nilifanya jambo ambalo mtu wa pwani hulifanya bila kufikiri: nikaangalia mwezi. Robo ya mwisho ilikuwa tarehe 1 Mei, na mwezi ulikuwa uandame tarehe 8. Maana yake Hidaya kilikuja karibu kabisa na maji mafu. Kingechelewa siku tano au sita tu, kingepanda juu ya bamvua. Upepo uleule na mvua ileile, lakini maji ya kujaa yangekuwa juu zaidi kwa mita nzima au zaidi, na kila ukuta wa mwambao huo ungepokea wimbi ambalo haukulipokea.

Ndiyo maana "mbona ukuta wa jirani ulivumilia Hidaya" si hoja ya kutosha. Ulivumilia Hidaya cha maji mafu.

Dhoruba hupandisha maji kwa njia mbili. Hewa ikiwa nyepesi, bahari huinuka sentimita 1 hivi kwa kila milibari (kipimo cha mgandamizo wa hewa) inayopungua, kwa hiyo upungufu wa milibari 30 ni sentimita 30. Halafu upepo unaovuma kuelekea nchi kavu hurundika maji ufukweni. Juu ya hayo kuna muda. Wimbi moja likija kila sekunde 8, saa 6 za dhoruba ni mawimbi 2,700. Na dhoruba ikidumu zaidi ya saa 12 na nusu, haina namna ya kukwepa maji kujaa: lazima ikutane nayo angalau mara moja. Msimu wa kusi unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Hapo usijiulize kama upepo na bamvua vitakutana. Vitakutana.

Vimbunga kwenye mwambao wetu ni vichache, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, lakini si hadithi. Unguja ilipigwa mwaka 1872, Lindi mwaka 1952. Kitu cha kudumu miaka 50 hakipangwi kwa hali ya hewa ya wikiendi.

Ukuta wima: unasimama wote, unaanguka wote

Sasa tuweke hivi viwili ubavu kwa ubavu. Kwangu mimi swali si kipi kina nguvu zaidi, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuhesabiwa vikawa na nguvu ya kutosha. Swali ni kila kimoja kinavunjikaje siku bahari inapozidi hesabu, na je, wenye mali wanaoishi kilomita 450 kutoka hapo wataweza kukirudisha.

Ukuta wima hutegemea uzito wake na msuguano wa chini. Una mazuri ya kweli. Unakula nafasi ndogo, boti zinaweza kufunga kamba moja kwa moja upande wa ndani, na kwenye kina kirefu, mita 15 na kuendelea, unaokoa mawe mengi mno kwa sababu lundo linapanuka chini kadiri kina kinavyoongezeka. Bandari kubwa hutumia keisoni, yaani masanduku makubwa ya zege yanayoelea hadi mahali pake kisha hujazwa mchanga na kuzamishwa. Hesabu zake nazo ni za kuaminika, Wajapani wamezifanyia kazi sana na kanuni ya Goda ya miaka ya 1970 bado ndiyo inayofundishwa.

Lakini tazama bahari inavyoufanyia.

Wimbi likigonga uso ulionyooka halivunjiki, linarudi. Linalorudi linakutana na linalokuja, na mbele ya ukuta maji yanapanda na kushuka karibu mara mbili ya wimbi la kawaida. Msukosuko huo unachimba mchanga wa mguuni. Ukuta haujaguswa juu, umechimbwa chini, na mwenye ukuta hajui kwa sababu haoni.

Kisha kuna uzito wenyewe. Zege lenye tani 2.4 kwa mita ya ujazo likizama kwenye maji ya chumvi linapoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake, kwa sababu maji yanalibeba. Kwa hiyo kwenye bamvua, wakati wimbi ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote, sehemu kubwa zaidi ya ukuta imezama na ukuta wenyewe umekuwa mwepesi kuliko wakati mwingine wowote. Mambo mawili mabaya yanafika saa moja. Hapo ndipo kuta huteleza au kupinduka. Mjini Algiers mwaka 1934 sehemu kubwa ya kivunja mawimbi cha Mustapha ilipinduliwa na dhoruba, na kwa miaka mingi baadaye wahandisi wengi wa Ulaya waliogopa kuta wima. Huko Japani, kivunja mawimbi cha Kamaishi kilichojengwa kwenye kina cha mita 63 kilibomolewa na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011: maji yalipita juu, yakachimba nyuma, keisoni zikaanguka moja baada ya nyingine. Najua tsunami si dhoruba. Nakitaja kwa sababu ya namna kilivyoanguka, kuanzia mguuni.

Na kuna kupwa. Hili watu hulisahau kabisa, kwa sababu maji yakienda tunaona hatari imeondoka. Ukuta ukiwa umejazwa udongo nyuma, kama kuta nyingi za ufukweni zilivyo, udongo ule unalowa maji ya bamvua. Bahari inaposhuka mita 3 ndani ya saa sita, maji yaliyo nyuma hayawezi kutoka kwa kasi hiyo. Yanabaki yamesimama juu kuliko bahari, yanausukuma ukuta kuelekea baharini, na mbele hakuna tena maji ya kuushikilia. Ukuta wa kwanza nilioona umeanguka ulianguka hivyo, alfajiri, bahari ikiwa shwari kama kioo, maji yakiwa yamepwa. Wenyewe waliamini umerogwa. Haukuwa na tundu hata moja la kutolea maji.

Mtu wa Dodoma anaweza kulielewa hili bila kuona bahari. Bwawa la Mtera, huko mpakani na Iringa, halijui bamvua, lakini usawa wake hupanda na kushuka mita kadhaa kwa mwaka. Wanaosimamia mabwawa huogopa kushusha maji haraka, kwa sababu tuta lililolowa linaweza kumomonyoka upande wa maji. Bwawa hupitia hilo kwa msimu. Ukuta wa pwani hupitia hilo mara mbili kwa siku.

Chuma nacho. Sehemu ya zege inayolowa na kukauka, kulowa na kukauka, ndiyo inayoliwa na kutu haraka kuliko inayokaa chini ya maji siku zote. Nondo ikivimba kwa kutu inalipasua zege kutoka ndani. Kama ni lazima ujenge ukuta, zege la hapo liwe zito, nondo ifunikwe vizuri, na usimruhusu fundi kuchanganya kwa maji ya bahari hata kwa bahati mbaya.

Lundo la mawe: linakuonyesha linapoumia

Lundo la mawe linaonekana kama fujo, na hilo ndilo linalowakatisha watu tamaa. Kwa kweli lina mpangilio kama kitunguu. Ndani kuna kiini cha mawe madogo na kifusi cha machimbo. Juu yake tabaka la kati, mawe yenye uzito wa kama sehemu moja ya kumi ya yale ya nje, kazi yake ikiwa kuzuia kiini kisivutwe nje na mawimbi. Kisha mawe makubwa ya nje, tabaka mbili. Chini kabisa, mguu wa mawe unaozuia yote yasiteleze, na chini ya mguu kitambaa cha chujio ili mchanga usinyonywe.

Wimbi likipanda mteremko huo linaingia kwenye matundu, linapoteza nguvu, linarudi dogo. Bahari ikipanda na kushuka, maji yanapita ndani kwa ndani, hakuna yanayosimama nyuma na kusukuma. Na mawimbi yakizidi hesabu, jiwe moja linahama, kisha la pili. Kanuni ya Hudson yenyewe huhesabu kwamba hadi asilimia 5 ya mawe yakihama, boma bado linahesabika zima. Asubuhi unakwenda, unaona pengo, unaleta mawe, unaziba. Lundo hupungua kidogo kidogo, na kati ya dhoruba na dhoruba mnapata nafasi ya kukusanya michango.

Hiyo kwa kikundi kama chetu ina thamani kuliko kitu chochote kingine kwenye karatasi ile.

Udhaifu wake ni wapi? Mguuni, kwanza. Maji yakipwa, mawimbi hayagongi tena mteremko wa juu, yanagonga mguu, na mguu ukienda mteremko wote unashuka. Kwa hiyo mguu lazima ulazwe chini ya usawa wa kupwa kwa bamvua, na kazi hiyo ina saa mbili au tatu tu kwa siku, kwa siku chache za mwezi. Bamvua linalokutisha kwa kujaa ndilo linalokupa nafasi kwa kupwa. Mkandarasi anayesema ataweka mguu "siku yoyote" hajawahi kuuweka.

Pili ni kilele na mgongo. Wakati wa bamvua mawimbi yakipita juu yanaangukia upande wa ndani, ambako watu huweka mawe madogo kwa kubana matumizi. Boma linaanza kuliwa kutoka nyuma. Tatu ni kichwa, ile ncha inayoingia baharini: mkondo wa kujaa na kupwa unazunguka hapo kwa kasi na mawe yana wenzao wachache wa kuyashikilia. Weka pale mawe mazito kuliko mengine au mteremko uliolala zaidi.

Jiwe gani?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa zinapopotea.

Jiwe la karibu pwani ni la matumbawe. Ni rahisi, linapatikana, nyumba za mwambao zimejengwa nalo kwa karne nyingi na zimesimama. Lakini kwenye kivunja mawimbi kinachopima si uzito wa jiwe hewani, ni uzito unaobaki baada ya maji ya bahari kulibeba. Jiwe la matumbawe lenye matundu, tuseme la tani 2 kwa mita ya ujazo, linabaki na chini ya nusu ya uzito wake. Graniti ya tani 2.65 inabaki na zaidi ya asilimia 60. Tofauti hiyo nayo inazidishwa kwa yenyewe mara tatu. Hii hapa hesabu ya Hudson kwa mteremko wa 1 kwa 2 na mawimbi yanayovunjika:

| Wimbi | Graniti | Jiwe la matumbawe | Zege la miguu minne |
|---|---|---|---|
| mita 1 | kilo 170 | kilo 580 | kilo 70 |
| mita 2 | tani 1.3 | tani 4.7 | tani 0.6 |
| mita 3 | tani 4.5 | tani 15.7 | tani 1.9 |

Soma mstari wa kati polepole. Kwa wimbi la mita 2, jiwe la matumbawe linatakiwa liwe zito mara tatu na nusu ya graniti. Jiwe la tani 4.7 si rahisi kulibeba na kulipanga, na matumbawe ya ukubwa huo yanaweza kuvunjika kabla hayajafika. Makadirio ya mkandarasi wetu wa mawe yalisema tu "mawe". Niliandika kwa kalamu nyekundu pembeni: mawe gani?

Kwenye kikao mzee mmoja, Mgogo wa Bahi, akauliza: "Kijana, sisi huku tumezungukwa na mawe. Tazama Mlimwa, tazama njia yote ya kwenda Kondoa. Reli mpya ipo. Kwa nini tusipeleke?"

Ni swali zuri na nililijibu kwa heshima yake yote. Graniti ya kati ya nchi hii ni miongoni mwa miamba ya kale zaidi Afrika Mashariki, ngumu na nzito, na ingefaa sana. Lakini mawe hulipiwa kwa tani na kwa kilomita, na ukishayafikisha Dar es Salaam kwa reli bado unayapakia upya kwenye malori. Machimbo ya Lugoba, upande wa Chalinze, yako karibu mno kuliko sisi na yana mwamba mgumu. Kwa mita 60, jiwe litoke huko. Matumbawe tuyatumie ndani, kwenye kiini, ambako mawimbi hayayafikii.

Zege la miguu minne, tetrapodi, nimeliweka kwenye jedwali kwa sababu litatajwa na mtu. Lilibuniwa Ufaransa mwaka 1950, na linashinda jiwe kwa sababu miguu inashikana. Kwa mawimbi makubwa na bandari kubwa ni jibu zuri. Kwa wimbi la mita 2, kukodi kalibu na kusubiri zege likomae ni gharama isiyo na sababu wakati jiwe la tani 2 linapatikana. Na kushikana kuna upande wa pili: huko Sines, Ureno, Februari 1978, boma lililokingwa na madolosi, vipande vingine vya zege vyenye miguu ya kushikana, ya tani 42 kila moja, liliharibiwa vibaya likiwa linakaribia kukamilika, kwa sababu viungo vyembamba vya zege vilivunjika. Jiwe likiviringika hubaki jiwe. Dolosi likivunjika ni vipande viwili visivyoshika kitu.

Gabioni, kwa kuwa mtaniuliza

Huku Dodoma tunazipenda gabioni, na kwa haki. Kwenye makorongo yetu, ambako maji huja kwa nguvu saa tatu kisha mchanga unakauka miezi minane, sanduku la waya lililojazwa mawe linafanya kazi nzuri. Pwani ni kwingine. Waya unalowa chumvi mara mbili kwa siku, mawe ndani yanatikisika na kila wimbi na kusugua waya, na ukikatika mmoja sanduku linatapika. Waya uliofunikwa plastiki huongeza muda, hauleti usalama. Juu kabisa ufukweni, mahali bamvua pekee hufika, kubali gabioni. Mbele ya mawimbi, hapana. Mikoko nayo, ambayo kijana wetu mmoja aliitetea kwa moyo, ni kinga nzuri sana mahali pake: kwenye vinywa vya mito na ghuba zenye tope. Kwenye ufuko wazi wa mchanga wenye mawimbi miche itang'olewa. Kama kiwanja chako kina mikoko tayari, usijenge chochote, ilinde hiyo.

Kabla ya kusaini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari, na kazi kama hii inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kupitia taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira (NEMC). Hili si karatasi la kukamilisha faili. Mchanga wa ufuko unasafiri, kusi huusukuma kuelekea kaskazini na kaskazi hurudisha kiasi. Ukiweka boma linalouzuia, upande mmoja unanenepa na wa pili unaliwa, na wa pili ni wa jirani. Kunduchi ufuko umeliwa kwa miongo mingi, na vikuta vya mawe mbele ya hoteli vimehamisha tatizo zaidi ya kuliondoa. Kama mchoro hauonyeshi mchanga unakwenda wapi, mchoro haujaisha.

Kwa hiyo mimi ningechagua hivi. Kina kwenye bamvua kikiwa chini ya mita 5, na mawe mazito yakiwa ndani ya safari ya lori ya siku moja: lundo la mawe, bila kusita. Kina kikizidi mita 15, au nafasi ikiwa finyu na kuna boti kubwa za kufunga: ukuta wa keisoni, na mkandarasi aliyewahi kuujenga, na ulinzi wa mawe mguuni. Katikati ya hapo kuna njia ya mseto, lundo chini na ukuta wa zege juu, ambayo ni nzuri ila inataka usanifu makini zaidi ya zote. Ukuta mwembamba wa tofali au mawe ya kujengea, ule wa "tuanze nao kwanza", usianze nao.

Kwa kiwanja chetu kikao kimekubali lundo, lakini si lile la kwenye karatasi. Mkandarasi anarudishiwa makadirio aandike upya: mawe ya nje ya tani 1.5 hadi 2.5 kutoka mwamba mgumu, mguu chini ya kupwa kwa bamvua, mgongo wa mawe yaleyale hadi usawa wa kujaa, na vipimo vipya vichukuliwe mwezi ukiwa umeandama, siku mbili baadaye.

Mama mweka hazina hakungoja. Jioni ileile alimpigia nahodha mzee anayeegesha ngalawa yake jirani na kiwanja, akamuuliza bamvua la kusi hufika wapi. Nahodha akamwambia hufika kwenye shina la mnazi wa tatu kutoka baharini, ule uliopinda. Tukatoa mchoro, tukautafuta mnazi huo. Banda la samaki limechorwa hatua tisa mbele yake, upande wa bahari.